Sahani Nyeusi ya Nzuki

Plastiki ilipasuka kwa mlio mkavu, kama mfupa wa kuku unaovunjwa na mtu asiye na haraka. Mbithe alishtuka akanyoosha mkono juu ya kaunta, lakini alikuwa amechelewa. Lazarus, mwenye duka la kukodisha kaseti za video pale Adams Arcade, Nairobi, alikwisha kupenyeza bisibisi kwenye ukingo wa lile jalada gumu na kulibanua. Sasa alikuwa ameitoa sahani yenyewe ya filamu, ameishika kwa kiganja kizima, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa sahani kubwa, nyeusi, pana kama sinia ya chai. Mwanga ulipoipiga, rangi za upinde wa mvua ziliteleza juu ya uso wake, zikatoweka.

"Hii ni ile ya leza, madam," Lazarus alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa. "Nimeziona Dubai. Lakini zile zinang'aa kama kioo. Hii yako imeungua. Si unaona vile imekuwa nyeusi?"

Neno lile, imeungua, lilimwingia Mbithe kama mwiba.

"Haijaungua," alisema. "Ilikuwa kwenye sanduku."

"Basi imezeeka." Lazarus aliipangusa kwa pindo la shati lake, akaisugua kwa bidii ya mtu anayetaka kusaidia, kisha akaisukuma ndani ya jalada lililopasuka. "Hakuna mashine itasoma hii kitu. Kama unataka, nikupatie kaseti ya ufunguzi wa michezo ya Kasarani. Hiyo iko, na picha ni safi kabisa."

Mbithe alilifunga jalada kwenye leso aliyokuja nayo, akatoka. Alisimama kwenye baraza la maduka, watu wakimpita na mikate na magazeti yao, naye amekumbatia kile kifurushi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine akamwangusha. Atamwambia nini mama?

Nzuki alikuwa kitinda mimba wao. Alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo, na mbio ndizo zilizomtoa kwao Kangundo zikamfikisha kwenye chuo kikuu kimoja cha Texas, katika miaka ile ambapo vijana wengi wa Kenya walisomeshwa Marekani kwa nguvu za miguu yao. Alikuwa karibu kumaliza masomo wakati gari alilopanda na wenzake lilipopinduka kwenye barabara kuu na kushika moto. Kilichobaki hakikuwa kitu cha kuvushwa bahari. Wanafunzi wenzake walimzika huko huko, na habari zikafika nyumbani kwa telegramu.

Syokimau, mama yao, alizipokea habari zile kama mtu anayepokea mgeni asiyemfahamu, kwa adabu, bila kumkaribisha ndani. Hakulia. Alikataa ibada ya kumbukumbu kanisani. "Nilipomzaa nilimwona," alimwambia mchungaji. "Nitamzikaje kwa maneno?" Tangu siku hiyo alimtaja Nzuki kama mtu aliyetoka kidogo. Nzuki hapendi maharagwe ya namna hii. Blanketi lile msiligawe, Nzuki atalitaka. Majirani walizoea, hata wakawa wanaitikia. Mbithe hakuzoea.

Labda ni kwa sababu ya kazi yake. Mbithe alikuwa mkalimani katika mahakama za katikati ya jiji, na alikuwa ameapa kuyachukua maneno ya mtu na kuyafikisha yalivyo, bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza. Aliwahi kumtafsiria muuaji maneno yake ya kujitetea na mjane maneno yake ya kulaani, kwa sauti ile ile moja, macho yake yakiwa ukutani. Mawakili walimsifu kwa hilo. Lakini jioni, mezani kwake katika mtaa wa Woodley, mama aliposema Nzuki anapenda chai yenye majani mengi, mkalimani huyo huyo aliinamisha kichwa akakoroga kikombe chake.

Sahani ililetwa na Haron, kijana aliyesoma na Nzuki, pamoja na viatu vya misumari na fulana ya chuo. Juu ya jalada palikuwa na picha ya polisi wa kizungu aliyeelekeza bastola. "Nzuki yumo humu ndani," Haron alisema, akiligonga jalada kwa kucha. "Watu wa filamu walikuja chuoni kutafuta mtu wa mbio, wakamchukua yeye. Baadaye filamu ikatolewa kwenye sahani hizi za kutazamia nyumbani." Mbithe alipomuuliza Nzuki anafanya nini humo, Haron alisema anakimbia, kisha akageukia dirisha na kuanza kuzungumzia mvua. Mashine ya kuichezesha haikuwapo. Sahani ikasukumwa chini ya kitanda, na miaka ikapita juu yake.

Kisha macho ya mama yakaanza kufunga. Presha ya macho, daktari aliita. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika, na la kulia lilibakiwa na kijitundu tu, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la kufuli. Daktari alieleza kwa upole kwamba kijitundu hicho nacho kitaziba, ila hawezi kusema lini. Mama akahamia kwa Mbithe, Woodley. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba, na mwezi wa Agosti redio ilikuwa ikitangaza michezo ya Afrika kutoka Kasarani. Mama alishinda ameinamia spika, akisikiliza bastola za kuanzisha mbio na kelele za watu. Jioni moja, mbio za mwisho zilipokwisha, aliizima redio mwenyewe.

"Ile sahani ya Nzuki iko wapi?"

"Chini ya kitanda, mwaitu," Mbithe alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nataka kumwona kabla sijafunga macho." Akaupapasa uso wa redio. "Sijasema kufa. Nimesema kufunga macho."

Ndiyo sababu Mbithe alikuwa amekwenda kwa Lazarus. Na baada ya Lazarus alikwenda kwenye duka jingine Hurlingham, ambako mwanamke wa kaunta alidhani ni santuri ya muziki na kumshauri atafute gramafoni. Mashaka yakamlemea. Usiku hakulala vizuri. Mahakamani alirudia sentensi mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Ni pale kando ya kizimba, siku moja, alipomkumbuka Jaswant Singh.

Jaswant aliwahi kuitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi ya televisheni za wizi. Alikuwa mhandisi aliyestaafu, mtu wa kilemba cha buluu na ndevu zilizochanwa vizuri, ambaye alikuwa amefunga mitambo ya picha katika majumba ya sinema ya nusu ya nchi. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, karibu na Mtaa wa Biashara, nayo ilinuka risasi ya kulehemu na chai ya tangawizi. Mbithe aliweka kifurushi juu ya meza, akaifungua leso.

Jaswant hakukigusa mara moja. Alivaa miwani, akainama, akalipima jalada kwa shubiri yake, akatazama ukingo wake mnene. Kisha akaiwasha taa ya meza na kuinamisha jalada kidogo mpaka uso wa sahani ukachungulia kwenye ule ufa.

"Nani amefungua hii?" aliuliza.

"Mwenye duka. Alisema ni ya leza, imeungua."

"Ya leza!" Jaswant alivuta pumzi kupitia meno. "Dada yangu, keti. Sahani ya leza ni kioo. Unaweza kuchania nywele mbele yake. Mwanga peke yake ndio unaoigusa. Hii hapa ni nyeusi kwa sababu ilitengenezwa nyeusi, haijaungua hata kidogo. Sasa angalia hapa, usipumulie. Unaona rangi zinavyocheza? Hiyo ni mifereji, myembamba kuliko uzi wa buibui. Sindano inatembea ndani yake kama kwenye santuri, lakini badala ya wimbo inasoma picha."

"Basi yule dada wa Hurlingham hakukosea sana."

"Alikaribia. Wajapani nao wana yao, inakaa ndani ya jalada kama hili hili, lakini ni ndogo zaidi, na uso wake hauna mfereji hata mmoja. Ukichanganya sahani na mashine isiyo yake, unaharibu vyote." Aliivua miwani. "Jalada hili halifunguliwi kwa mkono. Unaliingiza lote kwenye mashine, mashine inaishika sahani, wewe unavuta ganda tupu. Jicho la mtu halikukusudiwa kuiona, sembuse vidole. Mafuta ya kidole yakishaingia kwenye mfereji, hayatoki. Na huyu bwana amesugua."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Sijasema hivyo. Ni mgonjwa. Ya nani?"

Akamweleza. Alieleza kwa sauti yake ya mahakamani, moja baada ya jingine, hadi alipofika kwenye kijitundu cha jicho la mama. Hapo sauti ilimkimbia. Jaswant aliusogeza mkebe wa biskuti mbele yake, akangoja.

"Mashine ninayoijua mimi katika mji huu ni moja," alisema hatimaye. "Ya rafiki yangu Kirit, daktari wa meno. Alirudi nayo kutoka Marekani pamoja na televisheni ya huko, maana televisheni zetu na sahani zao hazisikilizani. Kirit alifariki mwaka jana. Mashine iko na mkewe, Daksha, Hurlingham. Lakini sikiliza vizuri. Sindano iliyomo ndiyo ya mwisho. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza. Sahani chafu inaweza kuivunja."

"Naweza kuitazama kwanza mimi mwenyewe? Nijue kaka yangu yuko wapi humo, nijue..." Hakumaliza. Nijue anafanya nini, ndivyo alivyotaka kusema.

Jaswant alitikisa kichwa. "Kila itakapozunguka itazidi kuumia. Kama ni kwa ajili ya mama, mama awepo mara ya kwanza. Huenda isiwepo ya pili."

Mbithe na mama walikwenda kwa Daksha siku mama alipotoka kliniki ya macho, kwa kuwa haikuwa mbali. Mwanamke aliyewafungulia mlango alikuwa amevaa sari nyeupe isiyo na nakshi, na mkono wake mmoja ulibaki kwenye kitasa. Jaswant alikuwa amempigia simu. Alijua wamefuata nini. Aliwakaribisha, akawapa chai, akazungumza Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyezaliwa na kulelewa Nairobi. Kwenye kona ya sebule, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na mashine pana ya rangi ya fedha, na mbele yake viti viwili.

"Mimi na Kirit tulikuwa tunatazama kila Jumapili," Daksha alisema. "Mpaka sasa natazama. Filamu ni zile zile, nazijua kwa moyo. Lakini ninapotazama, hiki kiti kingine hakionekani kitupu sana." Alikigusa kiti kile mgongoni. "Naomba usinione mbaya. Sindano ikivunjika, nitabaki na nini?"

"Anasema nini?" mama aliuliza kwa Kikamba.

Mbithe akamtafsiria, neno kwa neno, bila kulainisha. Syokimau alisikiliza huku ameelekeza uso wake mahali sauti ya Daksha ilikotoka mwanzo, si pale Daksha alipokuwa sasa.

"Mwambie simlaumu," alisema. "Ningekuwa mimi, ningekataa pia. Lakini muulize jambo moja. Mume wake alipokufa, alimwona?"

"Mwaitu, hilo si la kuuliza mtu."

"Muulize."

Mbithe aliyatazama majani ya chai chini ya kikombe chake, akauliza.

"Nilimwona," Daksha alisema. "Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Nilimvika mwenyewe. Kijana wetu ndiye aliyewasha moto wa mazishi."

Neno la moto Mbithe alilifikisha kwa shida. Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Mwambie mimi wangu sikumwona."

Nje, mtu alikuwa akifyeka ua kwa mkasi mkubwa, na mlio wake uliingia na kutoka. Daksha aliinuka, akaondoa kitambaa juu ya mashine, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Njooni Jumapili mchana," alisema. "Na Jaswant aje. Mimi sitaki kuigusa."

Jumapili ilipofika, mama alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Alijipaka mafuta miguuni, ingawa soksi zingeifunika. Mbithe alimtazama akijiandaa. Kwa siku kadhaa alikuwa akilitazama lile jalada lililopasuka na yule polisi mwenye bastola, na kila alipolitazama alimwona Haron akigeukia dirisha. Mtu wa mbio atatakiwa na filamu ya polisi kwa kazi gani? Aliijua mahakama vya kutosha kujua ni nani hukimbia na ni nani hufukuza. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia mama waache. Mara mbili mama alimuuliza kama kitambaa kimekaa vizuri, naye akasema kimekaa.

Daksha alikuwa amekisogeza kimoja cha vile viti viwili hadi karibu kabisa na televisheni. Kilikuwa cha Kirit. "Hapa ataona vizuri zaidi," alisema, akamshika Syokimau kiwiko na kumketisha. Jaswant alipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, akalishikiza lile jalada kwa utepe wa gundi pale lilipopasuka, akaliingiza kwenye mdomo wa mashine. Kilisikika kishindo kidogo, cha kitu kilichokamatwa. Akavuta ganda, likatoka tupu. Mashine ilianza kuvuma.

Kwanza kioo kilijaa chenga. Kisha picha ikaja, ikatikisika, ikatulia: mji wa maghorofa, gari refu, muziki wa tarumbeta. Kila mahali vidole vya Lazarus vilipopita, ukanda wa chenga ulikata picha vipande viwili, na filamu ikaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Watu walianza sentensi wasiimalize. Mama alikuwa ameegemea mbele hadi pua yake ilikaribia kioo, jicho lake la kulia likitafuta, kichwa kikisogea taratibu huku na huku.

"Ni yeye?" aliuliza kila mtu mweusi alipopita, mfagiaji, dereva, mpiga piano.

"Bado, mwaitu."

"Huyu?"

"Bado."

Jaswant alisimama kando ya mashine, sikio lake likifuata sauti ya sindano. Daksha alikuwa kwenye kiti chake mwenyewe, mikono mapajani. Mara moja sindano ilikwaruza vibaya, na vidole vyake vikashikana.

Nzuki alitokea bila kutangazwa. Mlango wa duka ulifunguka kwa nguvu, wanaume watatu wakatoka mbio, na wa mwisho alikuwa yeye. Alivaa shati lililochanika. Mkononi alikuwa na mkoba wa mwanamke. Mbithe alimtambua kabla hajauona uso wake vizuri, kwa jinsi alivyokuwa akitupa mguu wa kushoto nje kidogo, kosa ambalo hakuna kocha aliyewahi kulirekebisha. Alikuwa mzima. Alikuwa na jasho shingoni. Mbithe alijikuta amesimama.

"Ndiye," mama alisema. Hakuuliza. "Ule mguu."

"Ndiye, mwaitu."

"Niambie. Macho yangu yanakamata kivuli tu. Anafanya nini?"

"Anakimbia."

Alikuwa akikimbia kwenye kichochoro kati ya mapipa ya taka, na nyuma yake lilikuja gari refu la polisi yule wa kwenye jalada. Polisi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele. Alimwita Nzuki kwa jina la mnyama.

"Anasema nini huyo mzungu?"

Mbithe aliwahi kusimama mbele ya majaji wakali kuliko wote nchini, hajawahi kukosa neno. "Anamwambia asimame," alisema.

"Mbona hasimami?"

"Huyo mzungu hawezi kumfikia, mwaitu."

Ilikuwa kweli. Nzuki alikuwa akikimbia kama alivyokimbia barabara ya vumbi kutoka shule, kifua wazi, viganja vimenyooka, na hata lile gari lilionekana zito nyuma yake. Sindano iliingia kwenye ukanda mchafu. Picha ikaruka nyuma. Nzuki akatokea tena mwanzo wa kichochoro, akakimbia, akafika kwenye mapipa, picha ikaruka, akatokea tena. Jaswant alinyoosha mkono kwenye kitufe cha kusogeza mbele.

"Mwache," Mbithe alisema.

"Sindano itaumia."

Wote wawili walimgeukia Daksha. Alikuwa akimtazama yule kijana kwenye kioo, akija na kurudi. "Mwache kidogo," alisema.

Wakamwacha. Alikimbia na kukimbia, na kila alipotokea mama alitoa mguno mdogo, kama mtu anayeonja chakula cha nyumbani. Kisha, hakuna aliyegusa kitu, sindano ikajivuta yenyewe kutoka pale ilipokwama, na filamu ikaendelea. Mlio mmoja, mkavu. Nzuki alinyoosha mikono mbele, magoti yakamwisha, akaanguka kifudifudi kati ya mapipa.

Mbithe alikuwa na uongo tayari mdomoni. Ni bastola ya kuanzisha mbio, mwaitu, kama zile za Kasarani. Angeweza kuusema. Lakini kivuli kilichokuwa kimesimama kilikuwa kimelala, na hilo hata kijitundu kile kiliweza kuliona.

"Ameanguka," mama alisema.

Kwenye kioo kiatu cha polisi kilipita juu ya mgongo wa Nzuki. Mara hiyo mashine ilitoa mkwaruzo mrefu, picha ikapasuka ikawa chenga tupu, na mvumo ukafifia. Jaswant aliinama, akasikiliza, akabonyeza kitu, akasikiliza tena. Akamtazama Daksha na kutikisa kichwa kidogo. Daksha aliitazama mashine, kisha akaondoa macho yake pale, akayaelekeza kwa mwanamke aliyekuwa kwenye kiti cha mumewe.

Syokimau alikuwa ameuweka mkono wake juu ya kioo. Chenga zilimulika kati ya vidole vyake. Mabega yake yalianza kutikisika, polepole kwanza, halafu kikamtoka kilio kile ambacho Mbithe alikuwa amekingoja tangu siku ya telegramu, kilio cha chini, kinene, cha mtu anayebwaga mzigo ambao umemkata bega. Mbithe alipiga magoti kando yake. Maneno yalikuwa yamempanda hadi kwenye meno: ni mchezo, mwaitu. Waliwasha taa, wakapiga picha, kisha Nzuki akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akarudi bwenini kula chakula cha jioni. Sivyo alivyokufa. Aliendelea kuishi baada ya pale. Kila neno lilikuwa kweli, nayo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuufikisha ukweli ulivyo.

"Mwaitu," alianza.

"Alikuwa na miguu mizuri," mama alisema. Alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake kipya. "Nzuki alikuwa na miguu mizuri sana."

Mbithe alilisikia lile neno, alikuwa. Alilisikia likipita chumbani, jepesi, la kawaida, kama neno ambalo limekuwa likitumika siku zote. Akafunga mdomo wake.

Walikaa hivyo mpaka kilio kilipogeuka pumzi. Jaswant alikuwa ameizima televisheni na kwenda kusimama barazani, amewapa mgongo. Mama alipapasa mkono wa kiti, akainuka bila kusaidiwa.

"Naomba maji ya kunawa mikono," alisema.

Mbithe alimgeukia Daksha. "Anaomba maji ya kunawa. Si kwamba... Kwetu, watu wakitoka kuzika..."

"Sisi pia," Daksha alisema.

Hakuwaonyesha bafu lilipo. Alikwenda jikoni, akarudi na beseni la shaba na jagi, akaliweka beseni sakafuni katikati ya zulia lake, akapiga magoti na sari yake nyeupe. Alimshika Syokimau vidole, akaviongoza juu ya beseni, akamimina polepole mpaka viwiko. Mama alinawa kwa makini, mkono mmoja ukiutafuta mwingine. Kisha Daksha aliiweka mikono yake mwenyewe chini ya mkondo wa maji, akanawa.

Maji yaliyobaki kwenye jagi hayakuwa mengi. Alimwinulia Mbithe jagi lile na kungoja. Mbithe alivua saa yake, akakunja mikono ya blauzi, akasogea.